KONA YA KOMPYUTA: Picha nyeusi na nyeupe ikitoka kijani

Mwezi huu nilitaka tuendelee na kupanga hesabu kwenye kompyuta, lakini kuna jambo limetokea na lazima niliseme.

Toleo lililopita tulitoa picha ya mzee mmoja kwenye ukurasa wa familia zinazotafutana. Mama aliyeileta ameitunza ndani ya kitambaa tangu alipokimbia kwao, ni hiyo moja tu aliyobaki nayo. Ni picha nyeusi na nyeupe, na kwenye kompyuta niliiona safi kabisa. Kumbe printa ilitoa uso wa kijani kama sombe! Mama akaja darasani na gazeti mkononi, wanafunzi wote wanaangalia. Akasema, "Mwalimu, huyu si kaka yangu. Hata mtu anayemjua atapita tu." Sikuwa na la kujibu.

Na ana haki. Baada ya 1994, watoto wengi wa Rwanda waliopotezana na wazazi walipigwa picha, zikabandikwa kambini ili watu wapite waangalie. Wengine walikuwa wadogo mno, hata jina hawakuweza kulitaja. Walikuwa na uso tu.

Sasa kosa lilitoka wapi? Printa yetu ina wino wa rangi nne: samawati, waridi iliyokolea, njano na nyeusi. Ukiipa faili ya rangi, hata kama wewe unaona kijivu tupu, yenyewe inatengeneza kijivu kwa kuchanganya zile rangi. Zikilingana, sawa. Lakini tundu moja likiziba (na vumbi letu mnalijua) mizani inaharibika. Waridi ikikosekana, picha inakwenda kijani. Njano ikikosekana, inakwenda buluu. Kwetu lilikuwa tundu la waridi.

Mimi nilidhani rangi nimeshaitoa. Katika programu ya GIMP nilibonyeza "Desaturate", nikaenda kulala. Hapo ndipo nilipojidanganya: ile inafuta rangi machoni tu, faili inabaki ya rangi tatu. Inatakiwa uende "Image", kisha "Mode", uchague "Grayscale". Hapo ndani ya faili kinabaki kijivu peke yake. Na bado hujamaliza! Kabla ya kuchapa, fungua mipangilio ya printa uiambie itumie wino mweusi tu, maana nyingine ni kaidi, unaipa kijivu yenyewe inachanganya rangi vilevile. Wino mweusi peke yake unaacha chembechembe kidogo usoni. Mimi nachagua chembechembe.

Halafu msihukumu picha usiku chini ya taa. Taa nyingine zinadanganya jicho, kijivu kinaonekana sawa, asubuhi unakuta kingine. Chapa nakala moja, toka nayo nje juani, ndipo uchape zilizobaki.

Kulikuwa na ugumu mwingine. Picha ya mama imekuwa njano kwa uzee, na ina doa la chai shavuni. Picha kama hiyo ukiiskani kwa rangi, programu inaweza kuigawa mara tatu: nyekundu, kijani na buluu, kila moja ni picha ya kijivu. Doa la njano kwenye buluu linakuwa jeusi, kwenye nyekundu karibu linapotea. Nikafurahi, nikachukua nyekundu, nikamwita mama aone. Akaangalia kioo cha kompyuta muda mrefu. "Na kovu liko wapi?"

Kweli, kovu lilikuwa limekwenda pamoja na doa, kwa sababu picha ikizeeka hata mistari yake inageuka kahawia, na ile nyekundu inaifuta yote bila kuchagua. Basi tukachukua ya kijani. Doa limebaki kiasi, kovu linaonekana. Ningekuwa na muda ningelifuta doa kwa mkono, lakini niliogopa kumgusa mzee uso kwa mara ya tatu.

Picha iko tena ukurasa wa 4, kwa wino mweusi. Doa la shavuni msilijali, ni chai. Kovu liko juu ya jicho la kushoto. Anayemfahamu aje shuleni mchana, hata kama hana uhakika.