MAONI YETU: Aliyeng'atwa asingoje pamba inunuliwe

Mbwa mwenye kichaa hachagui msimu. Akimng'ata mkulima wa Itilima au Meatu mwezi Januari, palizi imeshika kasi na fedha za pamba ya mwaka uliopita zilishaisha kwenye ada za watoto na chakula. Mkulima huyo anatakiwa aanze chanjo siku hiyohiyo, arudi siku ya 3, arudi siku ya 7, na kwa utaratibu wa zamani aendelee kurudi hadi wiki ya nne. Kila safari ina nauli yake ya bodaboda, na mara nyingi kila dozi inalipiwa taslimu. Wapo wanaouza mbuzi. Wapo wanaochoma sindano moja au mbili wakaacha, kwa kuwa kidonda kimeanza kukauka na fedha zimekwisha.

Ugonjwa huu hausamehe. Dalili zikishajitokeza mgonjwa hufa, awe amelazwa Bariadi au amekimbizwa hospitali ya Bugando jijini Mwanza. Kabla ya dalili mambo ni tofauti kabisa: jeraha likioshwa kwa maji na sabuni dakika 15, chanjo ikakamilishwa, na kwa jeraha kubwa ikaongezwa dawa ya kinga kwenye kidonda chenyewe, karibu kila mtu hupona. Makadirio ya watafiti yaliyochapishwa mwaka 2002 yalionesha kuwa kichaa cha mbwa huua Watanzania wapatao 1,500 kwa mwaka. Wengi wao hufia nyumbani, na vifo vyao haviingii kwenye daftari la hospitali yoyote.

Mkoa wetu wa Simiyu hauwezi kusema haujui habari hizi. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa fedha za watafiti na wahisani, mbwa wa vijiji vingi vinavyozunguka Serengeti wamekuwa wakichanjwa bure. Kazi hiyo tunaiheshimu, kwa sababu mbwa akichanjwa mwenye mbwa na jirani yake wanapona. Lakini hatukubali kwamba mbwa apate chanjo bila malipo, halafu mtu aliyeng'atwa na yule aliyekosa chanjo aambiwe akatafute fedha kwanza.

Tatizo hili ni sehemu ya jambo kubwa zaidi: chanjo zetu zimejengwa kwa ajili ya mtoto, na zimejengwa vizuri. Mama wa Maswa anajua siku ya kliniki, ana kadi, na hadaiwi kitu. Mtu mzima anayefikiwa na utaratibu huo kwa kawaida ni mjamzito, anayechomwa ya pepopunda. Baba yake mtoto, anayejikata kwa panga au kukanyaga msumari wenye kutu zizini, hana siku ya kliniki.

Chukua homa ya ini aina ya B. Tanzania iliingiza chanjo yake kwenye ratiba ya watoto wachanga mwaka 2002. Maana yake, aliyezaliwa kabla ya hapo hakuipata utotoni, na huyo leo ndiye mzazi, mwalimu, muuguzi, dereva wa lori la pamba. Virusi hivi hupita kwenye damu, kwenye kujamiiana na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto, na vinaweza kukaa kimya miaka mingi huku vikiharibu ini hadi saratani. Kuna watu waliogundua kuwa wanavyo siku walipojitolea kuchangia damu. Mtu mzima hupimwa kwanza, kisha huchomwa dozi tatu ndani ya miezi sita, na kwa wengi malipo hutoka mfukoni mwao. Mfagiaji wa wodi anayeshika taka zenye sindano hana fedha hizo.

Je, njia ya kumfikishia mtu mzima chanjo ipo? Ipo. Julai 28, 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa hadharani Ikulu, Dar es Salaam, akazindua chanjo ya UVIKO-19. Baada ya hapo wahudumu walibeba vikasha vya baridi hadi minadani, makanisani na misikitini, na mtu mzima alichomwa bila kulipa hata shilingi. Majokofu bado yapo kwenye zahanati zetu, na wauguzi waliochoma sindano zile bado wako kazini. Kinachokosekana ni fedha ya kununulia dozi.

Fedha hiyo haiko mbali. Halmashauri zetu sita, yaani Mji wa Bariadi, Wilaya ya Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega, hukusanya ushuru wa mazao wa asilimia 3 kwenye pamba. Ni jasho la mkulima yuleyule anayeng'atwa akienda shambani alfajiri. Tunapendekeza kila halmashauri itenge sehemu ya ushuru huo kununua chanjo ya kichaa cha mbwa, na kila aliyeng'atwa aipate bila malipo katika hospitali ya wilaya. Baada ya hapo wafuatie wahudumu wa afya na wafagiaji wa wodi kwa chanjo ya homa ya ini.

Gharama yenyewe inaweza kupungua. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kudunga kiasi kidogo ndani ya ngozi, sehemu mbili za mwili, siku ya kwanza, ya 3 na ya 7. Kichupa kimoja huhudumia watu kadhaa, na mgonjwa humaliza ndani ya wiki moja badala ya mwezi. Kichupa kikishafunguliwa hakilali hadi kesho, ndiyo maana tunasema hospitali ya wilaya, mahali waliong'atwa wanapokutana, na si kila zahanati. Mwaka 2024 Gavi, ubia wa kimataifa wa chanjo, nao ulifungua mlango wa kusaidia nchi kununua chanjo kwa walioumwa na mbwa. Wizara ya Afya iutumie mlango huo, na Simiyu iwe miongoni mwa mikoa ya kwanza kufikiriwa.

Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Chanjo ya aliyeng'atwa iandikwe waziwazi kwenye kitita chake, ili mtu asije akaonesha kadi dirishani akaambiwa sindano hiyo haimo.

Madiwani wa Simiyu, bajeti ijayo itapita mikononi mwenu. Wekeni humo mstari mmoja wa chanjo kwa waliong'atwa, na muupe fedha kabla pamba haijaanza kununuliwa.