Binti Aliyepona Saratani Si Mvivu: Tumpime Uchovu kwa Kumuuliza



Leo naomba tuyaweke pembeni kidogo mambo ya hina, singo na mavazi. Tumzungumze binti ambaye tunaye majumbani lakini hatumtaji. Aliugua saratani akiwa mdogo, akatibiwa, akapona alhamdulillah, na sasa ana miaka 15 au 17. Nywele zimeota, uso umenawiri, skuli amerudi. Lakini akifagia uwanja hukaa kitako kabla hajamaliza. Akisoma ukurasa mmoja anausahau. Akilala mchana, akiamka bado kachoka. Na sisi wanawake ndio wa mwanzo kumpa jina: mvivu, anajidekeza, nani atamuoa huyu?

Maoni yangu ni haya. Uchovu wa binti huyu ni jambo la kitabibu, unapimika, na kipimo chake cha kwanza ni kauli yake mwenyewe. Asiyemuuliza hana haki ya kumhukumu.

Mimi na wewe tukichoka kwa shughuli ya harusi, tukilala usiku mmoja au miwili tunaamka wazima. Uchovu unaofuata saratani na matibabu yake hauondoki kwa usingizi peke yake. Unaweza kukaa miezi, na kwa wengine miaka, baada ya dawa kumalizika. Hakuna kipimo cha damu kinachouonyesha. Daktari anaweza kukuta damu iko sawa na moyo uko sawa, na binti bado kachoka kweli.

Ndiyo maana wataalamu waliamua kuuliza. Mwaka 2002 James Varni na wenzake huko Marekani walichapisha kipimo cha uchovu kwa watoto na vijana wenye saratani. Kina maswali 18, katika mafungu matatu ya maswali sita sita. Fungu la kwanza ni uchovu wa jumla: je, anaweza kufanya anayoyapenda, au nguvu humwishia njiani? La pili ni usingizi na mapumziko. La tatu ni uchovu wa akili: kushika jambo, kukumbuka, kufikiri upesi. Kila jibu linaanzia "haitokei kabisa" hadi "karibu kila mara", kisha majibu hugeuzwa alama kuanzia 0 hadi 100. Alama zikiwa juu, uchovu ni mdogo. Kijana wa miaka 13 hadi 18 ana karatasi yake, na mzazi ana yake.

Karatasi ni mbili kwa sababu mzazi na mtoto mara nyingi hawalingani. Mama huona ufagio uliowekwa chini. Haoni kichwa kilichojaa ukungu darasani. Na binti mwingine humficha mama, kwa kuwa anajua nyumba imeshauza nini na kulia kiasi gani kwa ajili yake.

Mtasema, hayo ni ya Wazungu. Basi nimechagua makusudi mfano wa mbali na kisiwani kwetu. Chiwanda iko mwambao wa Ziwa Nyasa, mkoani Ruvuma, wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka Mbinga. Ni watu wa ufukweni na uvuvi kama sisi, ila maji yao hayana chumvi. Binti wa huko anatarajiwa kuchota maji, kuanika usipa, kwenda shamba la muhogo. Akipata saratani, kituo kikubwa cha watoto ni Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam. Sisi wa Unguja tunapanda boti ya saa mbili hivi. Yeye anapita Mbinga na Songea, safari ya zaidi ya kilomita 1,000. Akishapona na kurudi kwao, daktari wake yuko upande wa pili wa nchi. Nani atajua kwamba mwezi huu amechoka kuliko mwezi uliopita? Ni mama yake, shangazi yake, au mhudumu wa zahanati. Karatasi ya maswali haihitaji umeme wala mashine. Kwa aliye mbali na hospitali, kipimo cha kuuliza kina faida kubwa kuliko kwa aliye jirani nayo.

Na mabinti hawa In shaa Allah wataongezeka. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watoto na vijana wapatao 400,000 hupata saratani kila mwaka. Katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 hupona, na katika nchi nyingi maskini hawafiki asilimia 30. Mwaka 2018 shirika hilo lilianzisha mpango wa kufikisha angalau asilimia 60 ifikapo 2030. Tunaomba lengo litimie. Lakini tukishauliza "atapona?", lazima tuulize pia "ataishi vipi?"

Dini yetu imetufundisha jambo hili zamani. Anayeumwa katika Ramadhani ameruhusiwa kula na kulipa siku nyingine. Imran bin Husain (R.A.) alipokuwa mgonjwa, Mtume (S.A.W.) alimwelekeza aswali kwa kusimama, akishindwa akae, akishindwa alale ubavu. Nani anayejua kama ameshindwa? Ni mwenyewe. Wala hakuna jirani anayesimama mlangoni kumkagua. Ikiwa katika nguzo ya dini mgonjwa anaaminiwa kauli yake, vipi tusimwamini katika kufagia uwanja?

Wapo wanaohofia kwamba kumuuliza kila mara kutamfanya ajione mgonjwa milele. Hofu hiyo naielewa. Lakini kumnyamazia hakumpi nguvu, kunampa upweke. Na kuuliza si kumlaza kitandani. Utafiti mwingi unaonyesha kuwa mazoezi ya kiasi, kama kutembea na kuongeza kidogo kidogo, hupunguza uchovu huu. Bila kipimo, hutajua aongeze lini na apumzike lini.

Basi tufanye nini? Chukua daftari. Mara moja kwa wiki, siku ileile, muulize mambo matatu: mwili, usingizi, akili. Ajipe alama 0 hadi 10 kwa kila moja, na 10 iwe ndiyo nguvu kamili. Andika anachosema yeye, usimsahihishe. Andika pia saa ambazo ana nguvu. Ukienda kliniki, lichukue daftari hilo na mwombe daktari aangalie vinavyoweza kutibika: upungufu wa damu, tezi ya shingo, usingizi, huzuni, na moyo pia, kwa kuwa baadhi ya dawa za saratani huweza kuudhoofisha hata miaka baadaye. Na akichoka ghafla kuliko kawaida, akapauka, akapata homa, akatokwa damu, akavimba au akakosa pumzi, usingoje siku ya kliniki. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Sasa nakuja kwenu maharusi na mama wa maharusi. Posa ikija, binti huyu asifichwe wala asinadiwe kwa huruma. Kudanganya katika ndoa hakufai. Lakini kusema kweli kuna namna yake, na daftari lile linamsaidia. Badala ya kusema "mimi ni mgonjwa", anaweza kusema: "Nilitibiwa, nimepona. Asubuhi nina nguvu, baada ya alasiri napungua, najua namna ya kujipanga." Hilo ni neno la mtu mzima anayejijua. Mposaji na watu wake wakilisikia, wataamua wakiwa na macho wazi.

Shughuli nayo ipangwe kwa mwili wake. Kusingwa, usiku wa hina na kukaa kitako kwa saa nyingi visirundikwe siku mbili. Somo anayemfunda amfundishe pia kusema "nimechoka" kwa adabu na bila aibu. Na mavyaa asimpime mkwe wake mwezi wa kwanza kwa sufuria la pilau la watu arobaini.

Zakatul fitri tunaipima kwa pishi, wala hatukisii kwa jicho, kwa sababu ni haki ya mtu. Nguvu za binti huyu nazo ni haki yake. Kama yumo nyumbani mwako, mwite leo baada ya Isha, kaeni wawili tu, umuulize, na akijibu umsadiki.

Allah awape shifaa wagonjwa wetu wote, na awape subira wanaowauguza. Amin.