Taa isiyobagua kati ya kijidudu na jicho

Fundi wa kuchomelea mageti anayefanya kazi bila miwani huionja adhabu yake usiku. Mchana hakuhisi lolote. Usiku wa manane macho yanachoma kana kwamba yamejaa mchanga, machozi hayakatiki, na hata mwanga wa simu haustahimiliki. Mionzi ya urujuanimno imeiunguza konea, ile sehemu angavu iliyo mbele ya jicho. Madaktari huita hali hiyo fotokeratitisi.

Siku hizi adhabu hiyo inawapata hata wasiowahi kushika mashine ya kuchomelea. UVIKO-19 ilipoingia, taa za kuua vijidudu kwa mionzi ya urujuanimno ya aina ya UVC zilitoka hospitalini na maabarani zikahamia sebuleni. Mwaka 2020, madaktari wa macho wa Chuo Kikuu cha Miami, Marekani, waliripoti wagonjwa 7 walioungua macho baada ya kukaa karibu na taa hizo.

Taa yenyewe inafanya kazi iliyoundiwa. Balbu yake ya zebaki hutoa mionzi ya nanomita 254, ambayo huvuruga vinasaba vya bakteria na virusi hadi vishindwe kuzaliana. Lakini seli za ngozi na jicho nazo zina vinasaba. Tena UVC ya jua huzuiwa na angahewa kabla ya kufika ardhini, kwa hiyo mwili haujawahi kuizoea. Kwa kuwa mionzi hiyo haionekani, mwanga wa buluu unaotoka kwenye taa haumwambii mtu ni kiasi gani cha mionzi kinachompiga.

Mwaka 2022, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA) ilionya kuwa baadhi ya taa za kushika mkononi, zikiwa umbali wa sentimita 5 hivi, hutoa mionzi hadi mara 3,000 ya kiwango kinachopendekezwa kimataifa. Shirika la Afya Duniani nalo lilishasema tangu 2020 kwamba taa hizi zisitumike kusafishia mikono wala ngozi.

Mtu mzima anaweza kusoma onyo kwenye boksi, akawasha taa na kutoka. Paka aliyelala chini ya kochi je? Hajui kwa nini macho yanamuuma. Atayafumba na kujisugua uso kwa makucha, na mwenye paka atadhani ni vumbi. Kasuku aliye kwenye tundu hana hata pa kukimbilia. Baadhi ya balbu hutoa pia mionzi ya nanomita 185, inayozalisha ozoni, gesi inayowasha mapafu na kubaki chumbani hata taa ikishazimwa. Mapafu ya ndege huathirika upesi kwa hewa chafu.

Wauzaji hujitetea kwamba taa zina kihisi cha kuzizima mtu akipita. Kihisi cha mwendo hakimwoni paka aliyelala.

Ndiyo maana mashirika ya viwango, TBS ya Tanzania na KEBS ya Kenya, yanapaswa kuzuia taa za UVC zenye balbu wazi zisiuzwe kwa matumizi ya nyumbani. Zibaki zile zilizofungiwa ndani ya kasha au mtambo wa kusafishia maji, zinazojizima kifuniko kikifunguliwa. Bakuli la paka linatakata kwa maji ya moto na sabuni.