Oveni Imegoma Kufunguka, Dada wa Kazi Kakatwa Mshahara!

Mama mmoja maarufu mjini kamkata dada wa kazi mshahara, eti kavunja mlango wa oveni. Jamani, hapo dada kaonewa mchana kweupe.

Oveni yenyewe ni zile zinazojisafisha: joto linapanda hadi nyuzijoto 480 hivi, mafuta na mabaki ya chakula yanageuka majivu. Kwa moto huo mlango lazima ujifunge, na haufunguki mpaka ndani kupoe. Siku hiyo umeme ukakatika katikati ya kazi, komeo likabaki limeng'ata. Sasa kosa la dada liko wapi?

Aliyeuharibu mlango ni baba mwenye nyumba na bisibisi yake (mbona yeye hakatwi?). Angeacha oveni ipoe kabisa, azime swichi kubwa ya jiko dakika tano, awashe tena. Mara nyingi mota ya komeo hujirudi yenyewe. Ikigoma, unamwita fundi aipime hiyo mota na swichi yake. Ukivuta kwa nguvu unapinda komeo, basi.

Dada ana mtoto anasoma kijijini. Arudishiwe hela yake yote, tena mwezi huu huu.