Mbona Kwenye Katuni Anatulia?

Hakuna hoja inayowaumiza watoto wenye ADHD, yaani tatizo la umakini na utulivu, kama hii: "Huyo hana tatizo lolote. Mbona kwenye katuni anatulia?" Utaisikia kwa shangazi, kwa mwalimu wa darasa, hata kwa mhudumu wa afya aliyemtazama mtoto dakika chache tu. Hitimisho lake linajulikana: akitaka anaweza, kwa hiyo hataki, na asiyetaka dawa yake fimbo.

Hoja hiyo ni potofu tangu mwanzo. Mtoto mwenye ADHD hakunyimwa umakini. Anachoshindwa ni kuuelekeza na kuushikilia pale anapotakiwa. Katuni humbadilishia picha kila baada ya sekunde chache, na mchezo wa simu humpa ushindi papo hapo. Hapo umakini unavutwa tu, yeye hana kazi ya kufanya. Mpe hesabu kumi za kugawanya, kisha ufungue daftari lake. Ya kwanza sahihi. Ya pili sahihi. Ya tatu amenakili namba vibaya kutoka ubaoni, ya nne ina nusu ya jibu na mchoro wa basi pembeni, zilizobaki hazipo. Asiyejua kugawanya angekosa tangu ya kwanza. Chini yake kalamu nyekundu imeandika: "Ana akili ila mvivu." Mwalimu ameshika ushahidi mkononi, akausoma kinyume.

Wala haya si maradhi ya juzi yaliyoletwa na simu. Daktari wa watoto George Still aliwaeleza wenzake mjini London habari za watoto wa namna hii mwaka 1902, televisheni haijazaliwa. Na tafiti za mapacha zimeonyesha kwamba hali hii kwa sehemu kubwa hurithiwa. Baba anayemchapa mwanawe kwa kusahausahau huenda naye alichapwa kwa kosa hilohilo.

Sisemi kila mtundu ana ADHD. Ndiyo maana nataka apimwe, tena apimwe sawasawa. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo inayoithibitisha. Mwongozo wa madaktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, toleo la 2013, unataka kwa mtoto dalili zisizopungua sita zilizodumu angalau miezi sita, nyingine zikiwa zimeanza kabla ya miaka 12, zionekane zaidi ya mahali pamoja, na ziwe zinamkwamisha maishani. Ushahidi huo haupatikani kwa kumtazama tu chumbani kwa daktari, ambako watoto wengi hutulia kwa ugeni. Wenye nao ni mama na mwalimu. Kisha, ili kuondoa sababu nyingine, masikio na macho yachunguzwe. Usingizi uulizwe, damu ipimwe, na kisisahauliwe kifafa kile cha kuduwaa sekunde chache ambacho darasani huitwa kuzubaa. Aulizwe pia kama aliwahi kuugua malaria ikampanda kichwani, maana huweza kuacha madhara kwenye umakini. Na umri wake! Aliyeandikishwa mapema hulinganishwa na wenzake waliomzidi karibu mwaka mzima, kisha akaitwa mtukutu.

Anayenisikitisha kuliko wote ni msichana mwenye ADHD anayekaa dirishani, mwili darasani, mawazo kwingine. Hasumbui mtu, kwa hiyo hakuna anayemwona, na anafeli kimyakimya mwaka hadi mwaka.

Kenya, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza viboko shuleni. Tanzania kanuni bado zinaviruhusu. Hofu yaweza kumkalisha mtoto kipindi kimoja, lakini haimfundishi kukumbuka alichotumwa.

Mwalimu, weka fimbo chini. Mkalishe mbele, mpe hesabu tatu, akimaliza mpe tatu nyingine, na uandike unachokiona. Mzazi, nenda hospitali na maandishi hayo pamoja na lile daftari, uombe mtoto achunguzwe, na usikubali kurudishwa nyumbani na ushauri wa kumchapa.