Mshubiri wa asili upewe nafasi bustanini

Mhariri,

Mjadala kuhusu nyuki na wachavushaji wengine, yaani wadudu na ndege wanaohamisha chavua kutoka ua moja hadi jingine, hautakamilika iwapo mshubiri wa asili, unaoitwa kitaalamu Aloe secundiflora, utaendelea kusahauliwa katika bustani za Kenya na Tanzania, ilhali huku ndiko kwao, tofauti na shubiri ya Arabuni inayotumika katika vipodozi. Mmea huu unaodumu miaka mingi huhifadhi maji katika majani yake manene, na vitundu vyake vya kupitishia hewa hufunguka zaidi usiku, wakati joto limepungua, hivyo hupoteza maji kidogo sana hata kiangazi kinapokaza. Maua yake mekundu yenye umbo la mirija hutoa nekta, yaani maji matamu yanayowavuta chozi na nyuki. Kwa kuwa mishubiri mingi haiwezi kujichavusha, yafaa miche kadhaa ipandwe pamoja, penye jua na udongo usiotuamisha maji, kwani unyevu uliozidi huozesha mizizi.

Miche ising'olewe porini kamwe: Kenya ilipiga marufuku uvunaji wa mishubiri ya mwituni mwaka 1986, na biashara ya kimataifa ya spishi hii inadhibitiwa na mkataba wa CITES. Halmashauri na serikali za kaunti, ambazo hupamba barabara kwa nyasi zinazohitaji kumwagiliwa kila mara, zinaombwa zianzishe vitalu vya mishubiri inayooteshwa kwa mbegu kabla ya mvua za vuli.

Msomaji,
Voi