JIKO LETU: Kabeji ya siki kwa sisi tusio na friji

Mwezi uliopita dada mmoja alinishika mkono kwenye foleni ya mgao akaniuliza: "Mama, ile kabeji ya siki tuliyokula kwenye arusi inatengenezwaje? Na sisi tusio na friji tufanyeje?" Foleni ilikuwa inasogea, nikamwambia asubiri gazeti. Basi dada, hili hapa jibu lako.

Tuelewane kwanza kwa majina. Huko Kongo tulizoea kusema shu na vinegre, ndugu zetu wa Burundi wanasema amashu, hapa Tanzania ni kabeji na siki. Watu wa pwani nao wana achari yao ya embe na ndimu, ile ya kuanikwa juani, inakaa miezi. Yetu si ya kukaa. Unatengeneza asubuhi, jioni mnakula na ugali. Mwenye friji anaweza kuiweka wiki nzima na zaidi. Sisi tuna hesabu nyingine, naifikia.

Chukua kabeji nusu kichwa, karoti mbili, kitunguu kimoja na pilipili kwa kadiri ya wanaokula. Osha vizuri kwa maji safi, kata nyembamba kabisa, maana vipande vinene siki haiingii ndani kwa siku moja. Chemsha maji glasi moja, yeyusha humo kijiko kimoja cha chakula cha chumvi, na sukari kijiko kimoja kama ipo. Epua, kisha mimina glasi moja ya siki. Mboga zishindilie kwenye chupa safi ya kioo yenye mdomo mpana, mwagia yale maji yakiwa bado moto kiasi, mpaka mboga zote zizame. Kioo usikimwagie maji yanayotokota, kitapasuka. Funika, acha kivulini saa nne au tano.

Angalia hapa: siki usiichemshie wala kuilaza kwenye sufuria ya alumini, na sufuria zetu nyingi ndizo hizo. Ukali wake unakula chuma na chakula kinapata ladha mbaya. Ndiyo maana nimesema uchemshe maji peke yake. Na chupa iliyowahi kutiwa dawa ya wadudu au mafuta ya taa, hata uioshe mara kumi, haifai.

Siki soma kibandiko chake: iwe asilimia 5. Ikiwa ni kali zaidi ya hapo, ile ya kuchanganywa kabla ya kutumia, inaweza kuunguza mdomo na koo la mtoto. Na ile glasi moja ya siki kwa glasi moja ya maji usiipunguze. Najua siki ni pesa. Mimi mwenyewe niliwahi kuibana, nikatia robo glasi tu, maji yakajaa. Siku ya tatu niliona mapovu juu na harufu si yenyewe. Nikaona uchungu kumwaga kabeji niliyoinunua kwa kuuza unga wangu. Nikawapa watoto. Tulihara nyumba nzima siku mbili, na mdogo ilibidi apelekwe kupewa maji ya chumvi na sukari. Kabeji yenyewe ilikuwa ya bei gani? Ukali wa siki ndio unaozuia vijidudu, si chupa wala kifuniko.

Kwa hiyo hesabu yetu ni hii: tengeneza ya kuliwa siku hiyo, ikibaki iliwe kesho yake, basi. Chota kwa kijiko safi, si kwa vidole. Ukiona utelezi, mapovu au ukungu, mwaga, usionje.

Wengine mtauliza habari ya chungu ndani ya chungu. Mwalimu mmoja wa Nigeria, Mohammed Bah Abba, aliieneza njia hiyo kuanzia mwaka 1995, na mwaka 2000 akapewa tuzo kwa ajili yake. Unaweka chungu kidogo ndani ya kikubwa, katikati mchanga, mchanga unaulowesha asubuhi na jioni, juu kitambaa kibichi. Maji yakikauka yanaondoka na joto. Huku Kigoma kinafaa kiangazi, Juni mpaka Septemba. Masika hewa ina unyevu, hakisaidii sana. Weka humo kabeji na nyanya zako kabla ya kuzikata, zitakaa siku nyingi kuliko juu ya meza. Lakini si friji, jamani. Hesabu ya siku mbili haibadiliki.

Mbona nahangaika na kabeji? Mwaka 2017 na 2018, kambini Kakuma, Kenya, vijana wa kiume kutoka Sudan Kusini walianza kuumwa miguu na kuvimba fizi. Ikaonekana ni kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C. Walikuwa wakijipikia nafaka na maharage, mboga na matunda hawapati. Walipopewa hiyo vitamini walipata nafuu. Tazama sahani yako wewe. Kabeji iliyochemshwa saa nzima imebakiwa na kidogo sana, ila hii ya siki haijakaa motoni. Tena vitamini C inausaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage, jambo zuri kwa mama mjamzito. Chai ya rangi inafanya kinyume, inywe baadaye, si pamoja na chakula.

Yale maji yanayobaki mkimaliza usiyamwage siku hiyo: kijiko kimoja kimoja juu ya maharage yaliyokwisha kuiva ni kitamu sana. Mwenye presha asiyatumie, chumvi ni nyingi. Mwenye vidonda vya tumbo aikwepe yote.

Kuhusu bei, sisi nyumba tano tunachanga chupa moja ya siki. Kila mmoja anakuja na glasi yake kupimiwa, na anayeitunza chupa ni yule asiyependa pilipili wala siki, ili isipungue usiku.